Ralph Verney: mbunge aliyekubali kutengana na baba yake kwa ajili ya Bunge, halafu akalikimbia Bunge lenyewe. Kwa nini?

#1 Mchimba_Kale
Wakuu salaam. Kuna mtu mmoja wa zamani huko Uingereza ananisumbua kichwa, nataka tumjadili hapa bila haraka.

Anaitwa Sir Ralph Verney, kazaliwa 1613, kwao Claydon, Buckinghamshire. Mwaka 1640 kaingia bungeni kama mbunge wa Aylesbury, na baba yake Sir Edmund yumo humohumo, mbunge wa Wycombe. Mfalme Charles wa kwanza alikuwa katawala miaka 11 bila kuitisha Bunge, kodi anatoza anavyotaka, kwa hiyo baba na mwana mwanzoni walikuwa upande mmoja kabisa. 1642 vita ikaanza na hapo ndo nyumba ikapasuka. Mzee akaenda kwa mfalme akakabidhiwa bendera yake aibebe vitani, mtoto akabaki na Bunge. Tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo mzee kauawa kwenye vita ya Edgehill.

Sasa sikilizeni. Haujaisha hata mwaka Bunge likaingia mkataba na Waskoti ili walete jeshi, na wabunge wakatakiwa wale kiapo cha Agano. Ralph akagoma. Mwisho wa 1643 akavuka bahari na mke wake Mary na watoto wawili wakubwa, anatumia jina la Ralph Smith, wakafikia Rouen halafu wakaenda kuishi Blois, Ufaransa. Mtoto mdogo Jack akaachwa Claydon.

Mtu aliyevumilia kuwa adui wa baba yake kwa ajili ya Bunge, kiapo kimoja ndo kimshinde? Kwangu mimi hii ni dhamira tupu, wala sioni kingine. Nyie mnaonaje?

#2 kibandiko
Naweka kambi hapa.

#3 Dalali_wa_Mjini
Mkuu dhamira gani, fuata pesa utaona kila kitu. Familia yenye ardhi nyingi wakati wa vita inafanyaje? Mzee anaenda upande huu, kijana upande ule, atakayeshinda anaokoa shamba. Halafu kijana alipoona Bunge linaanza kubana watu kwa viapo akatoka nje kabisa ili kesho mfalme akishinda aseme mimi sikuapa. Hesabu za kawaida kabisa hizo na mpaka leo watu wanazipiga, nimeziona kwa macho yangu kwenye familia za wafanyabiashara wakubwa kila uchaguzi.

#4 Bi_Karatasi
#3 ungekuwa umesoma barua zao usingesema hivyo. Hii familia ilikuwa haitupi karatasi, zimebaki barua kama 30,000 pale Claydon, ndo maana tunawajua mpaka walivyogombana kuhusu nguo.

Mdogo wake Ralph, naye anaitwa Edmund ila nyumbani wanamwita Mun, alikuwa askari wa mfalme. Mwaka 1642 alimwandikia kaka yake kwamba kile alichokuwa anakihofia kimekuwa kweli, kwamba Ralph yuko kinyume na mfalme, na moyo unamuuma kuona yeye na baba ambao wanampenda kiasi kile wanalazimika kuwa maadui zake. Watu waliopanga dili hawaandikiani hivyo kwa siri, wanaandikiana mahesabu.

Na mzee mwenyewe hakwenda kwa mfalme kwa sababu anaamini ile vita. Alimwambia rafiki yake Hyde wazi kwamba hao maaskofu wanaopiganiwa yeye hana heshima nao, na angependa mfalme akubaliane na Bunge, ila amekula mkate wa mfalme na kumtumikia karibu miaka 30 na hawezi kufanya jambo la aibu kama kumwacha. Aliingia vitani akijua atakufa.

#5 Shemeji_wa_Pangani
Mkono unaokulisha hauumwi. Mzee huyo nimemuelewa kuliko mtoto.

#6 jembe_kavu
huyo mzee si ndo yule wa Naseby waliomkata mkono ukabaki umeshika bendera?? nilisikia hiyo stori kwenye redio zamani sana, na alikuwa kwenye baraza la malodi

#7 Bi_Karatasi
#6 mwanangu Naseby ni 1645, huyu alishakufa. Ni Edgehill 1642. Na hakuwa lodi, alikuwa mbunge wa kawaida wa Wycombe kama #1 alivyosema, ila kwa mfalme alikuwa na kazi yake ya siku nyingi kwenye kasri, tangu Charles hajawa mfalme. Alikuwemo hata kwenye ile safari ya Madrid ya 1623 Charles alipokwenda kutafuta mke Mhispania.

Habari ya mkono ndiyo inasimuliwa, kwamba mwili haukuonekana ila mkono ulikutwa umeng'ang'ania mti wa bendera na pete kidoleni. Kuhusu mwili ni kweli haukupatikana, Ralph alitafuta sana. Bendera ilirudishwa na askari mmoja wa mfalme anaitwa John Smith, akapewa cheo cha Sir kwa hilo.

#8 Mzaramo_Bucks
Niko huku Milton Keynes miaka mingi, Claydon siyo mbali, nimepeleka wanangu pale. Nyumba unayoiona leo siyo ile ya Ralph, ni ya miaka ya 1700, ila kanisa dogo liko hapohapo pembeni na ndani kuna mnara wa marumaru Ralph aliosimamisha wa baba, mama, mke na yeye mwenyewe. Nilisimama pale muda mrefu. Mzee hana kaburi lenye mwili lakini mtoto aliyekuwa upande wa adui ndiye aliyemjengea ukumbusho. #3 nenda pale uone halafu uniambie habari za hesabu.

#9 Dalali_wa_Mjini
#8 kaka mnara unajengwa baadaye mambo yakishatulia, hata mimi nikishinda kesi ya kiwanja nitamjengea mzee. Naongelea 1643. Nijibuni hapo tu.

#10 wakili_asiye_na_ofisi
Naomba niingie kwa upande wa sheria maana watu mnakipita hiki kiapo juujuu.

Mei 1641 wabunge walishakula kiapo kingine, cha kulinda dini ya Kiprotestanti, nafsi ya mfalme na haki za Bunge, vyote vitatu kwa pamoja. Kile cha 1643 kilikuwa kitu kingine, kilikutaka uape kufuta utawala wa maaskofu kanisani na kujifunga na Waskoti. Sasa mtu ambaye alishaapa cha kwanza kwa moyo wake anaulizwa aape kubomoa kanisa la nchi yake kwa sababu tu Bunge linahitaji askari wa kukodi. Ralph hakuwa mpenzi wa maaskofu, alikuwemo bungeni wakati wanabanwa na hakulia. Ila kusema maaskofu wapunguziwe nguvu ni jambo moja, na kuapa mbele ya Mungu kwamba utawang'oa kabisa na hujui kitakuja nini badala yake ni jambo lingine.

Na huyu ni mtu makini kwelikweli na maneno. Alikuwa anakaa bungeni anaandika kwa penseli kinachosemwa, na zile karatasi zake ndo zinatueleza siku ile 4 Januari 1642 mfalme alipoingia na askari kukamata wabunge watano, na Spika Lenthall akapiga magoti akasema hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema isipokuwa kama Bunge litakavyomwagiza. Mtu anayeandika maneno ya wenzake kwa umakini ule hawezi kuapa kitu halafu aseme haidhuru.

#11 Mchimba_Kale
#10 umeniwekea vizuri kuliko nilivyoandika mwenyewe. Asante.

#12 Tatu_wa_Kigamboni
Sawa tumesikia ya wanaume. Mmemtaja Mary mara moja tu kwenye uzi mzima, na mimi nasema bila huyo mama hakuna Verney mnaojadili leo.

Mary Blacknall. Baba na mama walikufa kwa tauni 1625, akabaki yatima mwenye mali, na yatima mwenye mali enzi zile alikuwa anagombaniwa na ndugu wote wenye vijana wa kuoa. 1629 kaolewa na Ralph, bibi harusi ana miaka 13, bwana harusi 15. Ndoa ya kupangwa kabisa, na bado ukisoma barua zao unaona walipendana mpaka mwisho.

Wako Blois, hela hakuna, 1645 Bunge likamfukuza Ralph ubunge na mashamba ya Claydon yakawekewa zuio, eti msaliti kwa sababu hayupo. Yeye hawezi kurudi, atakamatwa kwa madeni. Nani anatumwa? Mjomba wao Dr Denton, daktari, aliandika kutoka London kwamba wanawake hawajawahi kuwa na faida kama wakati huo, mwanamke akienda kuomba kwenye kamati anasikilizwa. Basi Mary mwishoni mwa 1646 akavuka bahari, ana mimba. Akapanga chumba London akawa anazunguka kwa wake wa wakubwa na kwa wajumbe wa kamati, mwaka mzima na zaidi. Akajifungua mtoto wa kiume 1647. Akaenda Claydon akakuta nyumba imechakaa na panya, na Jack wake aliyemwacha mdogo miguu imepinda. Halafu ndani ya siku chache akapata habari mbili, kichanga kimekufa, na binti yake Peg aliyebaki Blois na baba naye kafa. Na bado akaendelea na kesi. Januari 1648 zuio likaondolewa.

Amerudi Ufaransa, miaka miwili tu, Mei 1650 kafa. Kifua. Ralph akasafirisha mwili mpaka Claydon wakati yeye mwenyewe hathubutu kukanyaga Uingereza. Aliishi mpaka 1696 na hakuoa tena.

#13 kibandiko
Daah. Ndani ya siku chache wote wawili.

#14 Mama_Wawili
#12 umeniliza dada yangu. Mimi marehemu mume wangu alipokuwa na kesi ya kazi na hawezi kujitokeza ni mimi niliyekuwa nakaa kwenye korido za ofisi na mtoto mgongoni, unaambiwa njoo kesho njoo kesho. Huyo Mary namjua bila kumuona.

#15 Tatu_wa_Kigamboni
Pole sana mama. Na hii ndo inayoniuma, Ralph huyohuyo aliyeokolewa na mke wake, binti mdogo wa Dr Denton anaitwa Nancy alipotaka kujifunza Kilatini, akamwandikia amkatishe tamaa, msichana inamtosha Biblia na katekisimu, na Kifaransa. Nancy alikuwa ameshamjibu kwamba atampita kwa Kiebrania na Kigiriki na Kilatini. Mtoto yule nampenda bure.

#16 jembe_kavu
hahaha Nancy hoyee

sasa na huyo Mun mdogo wake aliishia wapi, nasikia Cromwell yule jemadari wa Bunge alimuua kwa mkono wake

#17 Bi_Karatasi
Siyo kwa mkono wake. Mun alikuwa Drogheda, Ireland, Septemba 1649 mji ulipoangushwa. Barua iliyomfikia Ralph ilisema Mun alishapewa ahadi ya kuachwa hai, siku zimeshapita, akawa anatembea karibu na Cromwell, mtu akamwita pembeni kwa upole kama rafiki halafu akamchoma upanga. Alikuwa ameshapatana na kaka yake kwa barua muda mrefu. Kwa hiyo hesabu yako #3, baba kafa upande wa mfalme, mdogo kafa upande wa mfalme, na shemeji yao mume wa dada yao Cary naye kauawa 1645 upande huohuo. Familia ya kujilinda gani hiyo inayolinda kwa kuzikana.

#18 Dalali_wa_Mjini
Sijasema ilifanikiwa, nimesema hesabu. Na nyongeza, mzee kaacha madeni makubwa na mabinti watano hawajaolewa, mahari zao zote zinategemea mashamba hayohayo. Mtu mwenye mzigo huo hawazi maaskofu, anawaza lini wadai watabisha hodi. Kukimbilia Ufaransa ambako maisha ni rahisi na mdai hafiki kuna mantiki yake.

#19 wakili_asiye_na_ofisi
Lakini kukaa London na kuapa kungemlindia mashamba moja kwa moja. Ni kule kutokuapa na kuondoka ndiko kulikomletea zuio. Kama ni pesa alichagua njia ya hasara.

#20 Shemeji_wa_Pangani
Hao mabinti watano walipatwa na nini baada ya kaka kuondoka, maana mimi kwetu mzee alipofariki kaka mkubwa akahamia nje na dada zangu waliolewa kama walivyoolewa, hakuna aliyekaa nao kuwauliza, na mpaka leo kila msiba lawama zinafufuka.

#21 Bi_Karatasi
Hivyohivyo shemeji. Susan aliolewa na mtu aliyekuwa jela ya Fleet kwa madeni, harusi ikapita, akafa kwa uzazi miaka michache baadaye. Pen kaolewa na binamu. Betty, wa mwisho, alikuja kuolewa kimyakimya na kasisi maskini, ukoo ukaja kujua baadaye. Na Hillesden kwa akina Denton, ujombani kwao, nyumba ilizingirwa na jeshi la Bunge Machi 1644 ikachomwa moto, baadhi ya wasichana wa Verney walikuwemo ndani. Katika vurugu hilo dada mmoja wa mama yao, Susan Denton, akapendana na kapteni wa jeshi lililowazingira na wakaoana. Kapteni naye hakuishi muda.

#22 mpiga_kasia
jamani kuna mtu amemgusa Tom?? au nianze mimi

Tom ni mdogo anayemfuata Ralph. 1634 wazazi wakamsafirisha Virginia akatulie huko, karudi. Wakampeleka Barbados, kutoka huko anaandika barua ndefu kwa baba za kuomba watu na vifaa vya shamba. Karudi tena. Miaka zaidi ya 60 huyu mtu anaandika barua kwa kaka yake, kila barua yuko hoi, kila barua hii ndo ya mwisho, na mwisho mwisho kamzidi kaka yake umri, kafa 1707 na miaka zaidi ya 90. Enzi hizi angekuwa anatuma "ile hela tuma kwa namba hii"

#23 Mama_Wawili
Kila ukoo una Tom. Sisi wetu tukiona simu yake tunaangaliana kwanza. Lakini tunatuma, utafanyaje, ni damu.

#24 mpiga_kasia
na Ralph pia alikuwa anatuma, analalamika na anatuma. hapo ndo nilipomkubali

#25 Al_Unguja
Asalaam aleikum. Mmesahau kubwa kuliko lote. Baba yao Sir Edmund alikuwa na kaka wa mama mwingine, Sir Francis Verney. Mama wa kambo alipitisha sheria bungeni kabisa ya kugawa urithi ili mwanawe Edmund apate sehemu, Francis alipokuwa mkubwa akaliomba Bunge liifute, akashindwa. Akauza kila alichobakiwa nacho akaondoka Uingereza, akaibukia Algiers akiwa nahodha wa maharamia, anakamata meli za Kiingereza. Ikasemwa amesilimu. Alifia hospitali Messina 1615, fukara, na mfanyabiashara mmoja Mwingereza akarudisha vitu vyake nyumbani, vilemba, viatu na fimbo.

Kwa hiyo ukitaka kumwelewa Ralph anza huko. Huu ukoo ulishajua tangu zamani kwamba Bunge linaweza kukunyang'anya urithi wako kwa kura moja.

#26 Mchimba_Kale
Hili sikulifikiria kabisa. Asante sana al akhy.

#27 jembe_kavu
alisilimu kweli au ni maneno ya watu tu, maana wale wazungu ukikaa na waarabu wiki moja washasema umebadili dini

#28 Al_Unguja
Mabalozi na wasafiri wa wakati huo ndo walioandika hivyo. Fimbo iliyorudishwa ilikuwa na misalaba, kwa hiyo wengine wanasema alirudi kwenye Ukristo mwishoni. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye moyo wa mja wake.

#29 Mzaramo_Bucks
Na bahari iliendelea kuwaita. Yule Jack wa miguu iliyopinda, mliyemlilia hapo #12, alikua akaenda kuwa mfanyabiashara Aleppo, 1662 mpaka 1674, karudi na mtaji wake. Kaka yake mkubwa akafa 1688, kwa watoto wa kaka hakubaki mrithi wa kiume, kwa hiyo Jack ndiye aliyerithi Claydon 1696, na 1703 akawa Viscount Fermanagh. Mtoto aliyeachwa nyuma ndiye aliyebeba nyumba.

Ila msidhani wa leo ni damu yao. Mjukuu wa Jack alijenga akafilisika, kizazi kikakatika, urithi ukapita kwa upande wa kike mpaka ukafika kwa Harry Calvert, ambaye 1827 alibadili jina akawa Verney. Huyo ndo baadaye alimuoa Parthenope, dada yake Florence Nightingale, na Parthenope ndiye aliyekaa akazipanga zile barua.

#30 Mwalimu_Mstaafu
Nimesoma kuanzia juu. Mimi nina maelezo mengine ambayo hamjayasema. Mtazameni John Hampden, mbunge mwenzao wa Buckinghamshire, jirani. Huyo ndiye aliyekuwa nguzo ya wabunge wa eneo lile tangu kesi yake ya kukataa kodi ya meli ya mfalme. Juni 1643 kajeruhiwa Chalgrove akafa. Desemba Pym, kiongozi wao bungeni, naye kafa. Kijana wa miaka 30, baba amekufa akiwa upande wa pili na mwili hajauona, kiongozi aliyekuwa anamfuata amekufa, na Bunge lililobaki linazidi kuwa la watu wakali. Halikuwa tena Bunge lile aliloingia 1640. Kwa hiyo sioni kama alilikimbia, lilimwacha.

#31 wakili_asiye_na_ofisi
Mwalimu shikamoo. Nakubali nusu. Lakini wapo waliompoteza Hampden vilevile, na kiapo chenyewe waliona kigumu vilevile, wakaapa wakabaki.

#32 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Hao hawakuwa na baba wa Edgehill.

#33 Tatu_wa_Kigamboni
Mimi sikubali kwamba ni baba. Baba alikufa Oktoba 1642 na Ralph akaendelea kukaa bungeni mwaka mzima. Angekuwa amevunjika angeondoka siku ile.

#34 Mama_Wawili
#33 msiba haufanyi kazi siku ileile dada. Mimi wangu ulinikamata mwaka wa pili.

#35 Dalali_wa_Mjini
Na mnasahau alivyoendelea. Karudi 1653, Cromwell kamweka ndani 1655 bila kosa la kueleweka. 1660 mfalme karudi, 1661 Ralph kapewa ubaronet, cheo cha kurithisha. Kawa mbunge tena wa Buckingham, 1681, 1685, 1689. Amemaliza na ardhi yake, cheo na kiti. Niambieni nani mwingine kwenye vita ile alitoka hivyo.

#36 Bi_Karatasi
Ametoka bila mke, bila baba, bila Mun, na watoto zaidi ya mmoja kaburini. Mwaka huo wa 1655 angetaka kukaa vizuri na Cromwell angeweza, wengi walifanya. Hakufanya.

#37 Mchimba_Kale
#35 na #36 hapo ndo penyewe. Mnipe muda nikatafute zile karatasi zake za penseli za miezi ya mwisho kabla ya kuondoka, nione alikuwa anaandika nini. Mwenye kujua kama aliandika chochote siku wenzake wanaapa aweke hapa.

#38 mpiga_kasia
uzi wa Tom pekee yake nani anafungua?